Siku ya Kumpeleka Chelelgut Chumvini

Kila asubuhi, kabla hajagusa chuchu hata moja, Chepng'eno alifungua kopo la mafuta ya Kimbo lililokaa juu ya nguzo ya zizi, akachota udongo wa kijivu kwa vidole vitatu, akauweka kiganjani na kumnyooshea ng'ombe. Chelelgut alikuwa akingoja. Alitoa ulimi wake mrefu, unaokwaruza kama msasa, akaramba kiganja mpaka kikawaka. Kilichobaki katika mistari ya mkono, Chepng'eno alikilamba mwenyewe. Hapo ndipo alipovuta kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wenye joto, akakamua amefumba macho.

"Mama, hiyo mchanga itakutoboa tumbo," alisema Nelvine, mke wa mwanawe, akipita na ndoo.

"Nilikula nikiwa na mimba ya bwana yako. Ukitaka kujua kama inatoboa, angalia vile alitoka mzima."

Nelvine alicheka, maji yakamruka miguuni. Kila asubuhi neno lilikuwa karibu lile lile, na kila asubuhi alicheka.

Udongo ule ulitoka pangoni, chini kabisa bondeni. Nyumba yao ilikaa pale ambapo mashamba ya majani chai yanakoma na mteremko unaanza. Juu kulikuwa na baridi na ukungu. Chini kulikuwa na mawe makubwa, mikuyu, na joto, na siku za kimya ungesikia treni ikipiga honi mbali huko Fort Ternan. Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kinachotazamana na chao, palikuwa nyumbani kwa kina Chepng'eno. Hapo mamake, Tabutany, aliishi peke yake. Hakuwa na mtoto wa kiume, na macho yalikuwa yamemwisha.

Kwa Wakipsigis, mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakiwa kwenye udongo wa chumvi hupewa jina la Kipng'eno, na akiwa msichana, Chepng'eno. Huyu hakuzaliwa ng'ombe wakiwa kule tu. Alizaliwa kule kule, ndani ya pango, katikati ya miguu ya ng'ombe. Hilo alilisikia mara nyingi, ila tangu aolewe hakuwa ameshuka tena mpaka pangoni. Aliyeleta udongo alikuwa mamake, na mamake alipoacha kuona, udongo ukaacha kuja. Mwaka ule wa tisini na nne, kopo lilikuwa limebaki na udongo wa kufunika kucha tu.

Chelelgut pia alitoka kule. Jina lake ni la mdomo mweupe. Miaka tisa iliyopita, macho yalipoanza kufifia, Tabutany alimvusha akiwa mtamba, akamkabidhi binti yake kamba mkononi. "Nakuwekea," alisema. "Maziwa ni yako. Ng'ombe ni wangu. Nikimtaka nitamwita."

Hiyo ni desturi ya zamani. Mtu huweka ng'ombe kwa rafiki au ndugu mbali na kwake, ili ugonjwa au ukame ukiingia zizi moja usimalize wote. Anayelisha hukamua. Mwenye ng'ombe hubaki mwenye ng'ombe, hata ikipita miaka ishirini. Ng'ombe wa namna hiyo hauzwi bila neno la mwenyewe.

Lakini Weldon, mwana wa Chepng'eno, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili siku ile ng'ombe alipovushwa, na alichokumbuka ni kwamba nyanya yake, aliyemwita Kogo, alileta ng'ombe.

"Kipsang wa kununua ng'ombe anakuja Jumamosi na lori," Weldon alimwambia mamake Jumatano wakila ugali. "Anachukua hiyo ng'ombe mzee anapeleka soko ya Kedowa. Mimi naongezea kidogo naleta ya gredi, ya maziwa mengi."

Chepng'eno aliweka tonge chini. "Huyo ng'ombe si yako."

"Si Kogo alitupatia?"

"Alituwekea."

"Miaka tisa, mama! Hata mgeni akikaa miaka tisa anapewa shamba."

"Hatukupewa. Tuliwekewa."

"Sasa Kogo hata hawezi ona rangi yake. Atajuaje?" Weldon hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana mwema, aliyepalilia majani chai yake mistari ikanyooka kuliko ya mtu yeyote pale kilimani, na alitaka watoto wake wanywe maziwa mengi. Alimwongezea mamake mboga kwenye sahani. "Kula, mama. Ng'ombe ni ng'ombe."

Alhamisi akaja Chepchumba, binti wa jirani wa Tabutany, akitokea ng'ambo kwenda kanisani kwa mkutano wa akina mama. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akafikisha neno alilotumwa.

"Mama yako anauliza kama Chelelgut bado iko na ulimi."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo. Kila jioni anatoka mpaka kwa lango, anasimama na chumvi kwa mkono. Mimi namwambia Kogo, ng'ombe hakuna hapa. Ananiambia nyamaza, utamfukuza." Chepchumba alitaka kucheka, akaacha. "Na moto siku hizi anasahau. Nikichelewa kuja kuuwasha, nakuta amelala na baridi."

Chepng'eno alijua habari ya moto. Asubuhi, ukungu ukiinuka, aliweza kuona moshi wa nyumba ile kutoka zizini kwake. Zamani ulipanda kabla jogoo hajamaliza. Mwezi huu ulikuwa ukipanda jua likiwa juu, mwembamba, na siku mbili haukupanda kabisa. Walikuwa wamekwisha mwomba Tabutany ahamie kwao huku juu, si mara moja. Jibu lake halikubadilika: nyumba isiyo na mtu hunuka, na yeye hataki kunusa nyumba yake ikinuka.

Ijumaa Chepng'eno hakufungua kopo. Alikamua, akachuja maziwa ndani ya kibuyu, akafagia zizi mpaka kwenye pembe ambazo hafagii. Alimkuta Nelvine jikoni.

"Nampeleka ng'ombe chumvini. Kesho anaenda na lori, asiende na hamu. Na hili kopo nitalijaza."

"Uko na chapati hapa, mama. Utarudi saa ngapi?"

"Jua likiwa pale," alisema, akaelekeza kidole mahali fulani angani, kwenye ukungu mtupu.

Akajifunga leso mbili, akashika fimbo na kopo, akamfungua Chelelgut. Kengele shingoni mwa ng'ombe ikalia mara moja, kisha ikapata mwendo wake.

Njia ilipita kati ya majani chai. Wachumaji walikuwa ndani ya ukungu, wanaonekana vifua na vikapu tu. Janeffer, jirani yake wa siku nyingi, aliinua kichwa.

"He! Mama Weldon! Unatoroka na bwana wa miguu minne?"

"Huyu hanywi busaa wala hanipigi. Nitatafuta mwingine wa nini?"

"Uliza kama ana ndugu!"

Kicheko kikakimbia mistari yote, kikafifia. Baada ya hapo majani chai yakaisha, na ardhi ikaanza kuinama.

Kuna kijito pale mteremko unapoanza. Maji yake ni baridi, yanatoka chini ya jiwe. Chelelgut alisimama, akageuza kichwa kwenye maji. Chepng'eno alikuwa na mkono mgongoni mwake. "Twende," alisema. "Tutakunywa tukirudi." Akamgusa kwa fimbo kidogo tu, na wakapita.

Hakukuwa na haraka. Kila hatua waliyoshuka, ukungu ulibaki juu yao, mpaka ukawa dari, na chini ya dari ile bonde likafunguka lote, la kijani, limetulia. Mawe yalikaa kila mahali, mengine makubwa kama nyumba, mengine yameegemeana kama wazee waliosahau walichokuwa wakizungumza. Juu ya moja pimbi watatu waliota jua. Walimtazama Chelelgut akipita, hawakukimbia. Ng'ombe alikata nyasi hapa, akakata pale, na Chepng'eno alimngoja. Alikaa juu ya jiwe akala chapati nusu. Alisikia maji lakini hakuyaona. Alisikia ndege akigonga mti, akanyamaza, akagonga tena. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakukumbuka siku nyingine aliyokaa juu ya jiwe mchana bila kitu mikononi.

Akainuka, wakashuka tena. Miguu yake ilianza kuijua njia kabla yeye hajaijua. Hapa kuna mzizi. Hapa unapita kushoto kwa mkuyu. Hapa wasichana walikuwa wakijificha mvua.

Karibu na chini alisikia nyundo. Ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Chini ya kivuli cha gunia lililotandazwa juu ya vijiti alikaa Jackton, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuwa akipasua kuni za kiwanda cha chai mpaka kazi ilipopunguzwa. Siku hizi alipasua mawe kuwa kokoto. Alilishika jiwe ndani ya pete ya mpira wa gurudumu ili vipande visimrukie, akapiga, akasukuma kokoto kwenye fungu lake. Kila mwezi lori lilikuja upande wa mto kuzoa.

"Mama Weldon! Leo ng'ombe inatembea matembezi kama mzungu?"

"Anakuja kula chumvi. Bado pango lipo, ama umelipasua ukaliuza?"

"Aa, mama." Jackton aliweka nyundo chini, akawa kama ameguswa. "Lile la ng'ombe siligusi. Mzee mmoja wa hapa aliniambia nikiligonga, mke wangu Dolphine atalia kama ndama usiku kucha. Nikamwambia, mzee, Dolphine tayari analia, lakini sawa, nitaliacha." Akachekea mkono wake wenye vumbi. Kisha akamtazama Chelelgut, aliyekuwa amenyoosha shingo kuelekea mlango wa pango, pua zinacheza. "Umemnywesha?"

Chepng'eno alikaza fundo la leso yake.

"Mama. Sisi samaki wetu hawanyweshwi, lakini hata mimi nimekaa hapa nikajua. Maji kwanza, chumvi nyuma. Ng'ombe akiramba na kiu, nani atamshika?"

Ilikuwa kweli. Kila mtoto aliyechunga huku alichapwa kwa kosa hilo mara moja, na halikurudiwa. Chepng'eno alichapwa akiwa na miaka sita. Alitazama nyuma, juu, kule kijito kilikobaki. Kilikuwa mbali sasa.

"Nimesahau," alisema.

Jackton alimtazama kitambo. Halafu akaokota nyundo. "Haya," alisema taratibu. "Watu husahau."

Pango lilikuwa pana, si refu. Mlangoni mbayuwayu waliingia na kutoka, na chini palikuwa na vumbi laini la samadi ya miaka na miaka, miguu haikutoa sauti. Ndani kulikuwa na nusu ya mwanga. Ukuta ulikuwa wa kijivu, na wote, kuanzia magotini mpaka kifuani, ulikuwa umechimbwa mabonde madogo, laini, yenye mviringo. Hakuna chuma kilichofanya vile. Ni ndimi. Ng'ombe waliokufa, mama zao, na mama za mama zao, waliramba jiwe mpaka likachukua umbo la kuramba.

Chelelgut aliingia bila kuongozwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye bonde moja dogo upande wa kulia, akaweka mdomo wake mweupe mle ndani, ukakaa sawasawa. Akaanza kuramba. Sauti ile ikajaza pango.

Chepng'eno alijaza kopo kwa kukwangua kwa jiwe, akalifunga. Kisha akakaa chini, mgongo ukutani. Aliingiza kiganja katika mojawapo ya mabonde yale. Palikuwa na ubaridi na unyevu kidogo. Akafumba macho kama afanyavyo akikamua.

Siku ile aliyozaliwa, mamake alikuwa msichana. Alikuwa ameleta ng'ombe peke yake, tumbo kubwa, kwa sababu aliambiwa bado mwezi mmoja. Uchungu ulipomshika alikaa hapa, hapa hasa, na akaogopa kulia asije akawatawanya ng'ombe. Basi hakulia. Ng'ombe waliacha kuramba, wakageuka, wakasimama wamemzunguka, na pumzi zao zilikuwa nyingi mpaka akahisi joto kama yuko ndani ya nyumba. Mtoto akatoka, akawekwa juu ya majani. Ng'ombe mmoja mdomo mweupe, bibi wa mabibi wa Chelelgut, alimramba mtoto usoni mara moja, na mtoto akapiga kelele. "Kabla yangu," Tabutany alikuwa akisema kila aliposimulia, "alikupokea yeye."

Chepng'eno hakujua kama alilala. Popo walijipanga na kujipanga upya juu yake. Kuna wakati aliona kiganja mbele yake, kimenyooshwa, kimezeeka, kina chumvi katikati, na aliona ulimi ukikikaribia, na haukufika. Alingoja ufike. Haukufika. Akafungua macho akakuta uso wake umelowa, na kengele inalia nje.

Chelelgut alikuwa ametoka. Chumvi ilikuwa imewaka kooni mwake, na hakugeuka juu kwenye kijito cha mbali. Aliteremka kwa kasi ya ng'ombe kijana, mkia umeinuka, moja kwa moja mtoni.

"Ndiyo hiyo!" Jackton alipiga kelele, akasimama. "Nilisema! Nikimbie?"

"Usikimbie," Chepng'eno alisema.

Alimfuata kwa hatua zake za kawaida. Alipofika, Chelelgut alikuwa amesimama katikati ya mto, maji yanafika tumboni, anakunywa. Alikunywa muda mrefu. Maji yalipita mdomoni na kudondoka. Alipotosheka, aliinua kichwa akanusa upepo. Upepo ulitoka ng'ambo. Huko alizaliwa, huko alikuwa ndama, na njia ya kutoka mtoni kwenda juu ilikuwa ile ile. Akapiga hatua. Akapiga nyingine. Akatokea ukingo wa pili, akajitikisa, kengele ikalia bonde zima, akasimama akamtazama Chepng'eno.

Kumrudisha halikuwa jambo gumu. Kamba ilikuwa bado shingoni. Angevuka, aishike, avute, na kabla jua halijafika mahali alipoelekeza kidole wangekuwa zizini, na kesho lori lingekuja. Weldon asingeuliza kitu.

Aliangalia juu, kilima cha ng'ambo. Kati ya miti aliona paa la nyasi. Mchana ulikuwa umepita katikati, na juu ya paa hapakuwa na moshi.

Jackton alikuwa amemfikia, anahema.

"Jackton," alisema, bila kugeuka. "Jioni utapanda juu kununua sukari?"

"Nitapanda."

"Hili kopo mpelekee Nelvine. Mwambie nimelijaza kama nilivyosema."

Jackton alilipokea kwa mikono miwili. "Na Weldon nimwambie nini? Ataniuliza, mama. Atafikiri nimekupasua na nyundo."

"Mwambie ng'ombe ameitwa na mwenyewe."

"Na wewe?"

Alikuwa amekwisha vua viatu vya plastiki. Alivifunga pamoja akavitundika shingoni. Alifikiri kidogo, kwa sababu Jackton alikuwa mtu mzuri, na alistahili jibu.

"Mimi ndiye wa kumwashia moto," alisema. "Mwambie Nelvine kibuyu kiko tayari, asikitikise leo. Na Weldon aje kunitembelea. Aje na miguu, asije na lori."

"Utarudi Jumapili?"

Chepng'eno alicheka kama alivyocheka Janeffer kwenye majani chai, akaingia mtoni. Maji yalikuwa na joto kuliko alivyokumbuka. Yalimfika magotini, yakamfika mapajani, leso ikaelea kumzunguka, kisha yakashuka tena, akawa ng'ambo.

Chelelgut hakungoja kushikwa kamba. Aligeuka akaanza kupanda, polepole sasa, tumbo limejaa maji na kichwa kinacheza. Njia ilikuwa na mwinuko mkali, na magoti ya Chepng'eno hayakuwa ya msichana. Basi akafanya kama alivyofanya alipokuwa mtoto anarudi na ng'ombe jioni, amechoka. Aliushika mkia kwa mikono yote miwili, akajiachia, na ng'ombe akamvuta.

Nyuma yake nyundo haikulia. Jackton alikuwa bado amesimama ukingoni na kopo. Kule juu, kwenye kilima kile kingine, ukungu ulikuwa umeyafunika majani chai yote, na hata kama mtu angesimama zizini angeona weupe tu. Chepng'eno hakugeuka kuangalia. Upande ule hakurudi tena.

"Polepole, mama," alimwambia Chelelgut walipofika kwenye mkuyu wa kona ya mwisho, mahali pa kwanza unapoweza kuliona lango la Tabutany. "Polepole. Ameshasikia kengele."